Kibati cha Shamba la Chini

Mimi huandika polepole. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinikataza kutumia mkono wa kushoto, na ule wa kulia haujawahi kuzoea kazi hiyo mpaka leo. Wenzangu walikuwa wakimaliza kunakili, ubao unafutwa, mimi niko mstari wa tatu. Nilifika darasa la nane nikaishia hapo. Sikulia sana. Nilikuwa naona haya hata kuitika jina langu mwalimu akisoma rejista asubuhi.

Lakini nyumbani kwetu Soweto West, kule Kibera, mimi ndiye niliyekuwa msomi. Mama hakuenda shule hata siku moja, na baba alikuwa ameshafariki. Barua zikija nazisoma mimi, za kujibiwa naandika mimi. Ndiyo maana mambo ya kibati yalinifikia.

Kibati kilikuwa cha baba mdogo, ndugu wa pekee wa marehemu baba. Alikuwa fundi wa viti Kawangware, upande unaoelekea Riruta, kwenye kibanda cha mabati kilichojaa harufu ya mbao za saiprasi na vanishi. Kilikuwa kipande cha bati nene, kadiri ya kiganja cha mkono, chenye matundu mawili ya misumari na tarakimu nne zilizogongwa kwa nguvu: 2716. Alikuwa amekipigilia ukutani juu ya meza yake ya kazi, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Alipewa na babu. Kwetu ni magharibi, na babu alikuwa na wana wawili. Baba yangu, mkubwa, alionyeshwa shamba la chini lililo karibu na kijito. Baba mdogo akaonyeshwa shamba la juu, penye boma. Kisha babu akamwita mdogo pembeni, akamtia kibati mkononi, akamwambia, "Hiki usikipoteze." Hakuongeza neno, na mwezi uliofuata akafa.

Sasa, upande wetu ule wazungu walichimba dhahabu zamani, kabla baba zangu hawajazaliwa. Walipoondoka, watu waliendelea kuchimba kwa sururu na karai, na wanachimba bado. Kwa hiyo yale ambayo babu hakuyasema, baba mdogo aliyajaza mwenyewe. Kibati kilikuwa hati. Dhahabu iliyo chini ya mashamba yetu ilikuwa yake. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini jambo hilo hakulificha. Kila alipomaliza kiti alikipindua miguu juu, akachukua msumari, akachora chini yake 2716.

"Ukikalia kiti changu umekalia dhahabu," aliwaambia wateja.

"Basi punguza bei, fundi, dhahabu unayo tayari," walimjibu.

Viti hivyo viko Kawangware na Kibera yote. Vingine viko mtaa wa Olympic, kwa walimu. Watu wanakunywa chai juu ya namba ile na hawajui.

Ulikuwa mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini. Wachimbaji wa kwetu walikuwa wamefuata mkanda wa mawe yenye dhahabu chini kwa chini, na mkanda ukaelekea shamba la chini. Wakamtumia baba mdogo ujumbe: tunataka kuingia, tutagawana. Shamba hilo ndilo alilokuwa nalo mama. Alikuwa akiuza mandazi kwenye njia ya kwenda Olympic, na mandazi yalilipa chumba, lakini ugali wetu ulitoka shamba la chini. Kila baada ya mavuno alikwenda nyumbani akarudi na magunia. Na alikuwa amesema mara nyingi kwamba siku macho yake yatakapokataa moshi wa mafuta, atarudi huko huko alime kwa starehe zake. Hakuwa na mahali pengine.

Baba mdogo akaja Jumapili mchana, amevaa koti.

"Shem, nimekuja na neno la baraka."

"Kunywa chai kwanza. Baraka haipoi."

Akanywa. Kisha akaeleza, mkono mmoja ukipapasa kibati ndani ya mfuko, maana alikuwa amekibandua ukutani siku hiyo. "Shamba la chini ni lako, hakuna mtu anakataa. Udongo wa juu wote ni wako. Lakini kule chini kwa mawe ni kwangu. Mzee alinipa hii."

"Na hiyo shimo itaingilia wapi, shem? Itaanzia kwako Kawangware?"

"Itaingilia shambani, lakini pole pole tu."

"Na mahindi yangu nipande wapi? Hewani?"

Nilicheka ndani ya kikombe. Baba mdogo akanigeukia. Yeye huniita mamangu, kwa sababu nimepewa jina la nyanya, mama yake mzazi. Kwetu mtoto akibeba jina la mtu anabeba na heshima yake. Baba mdogo, mtu wa miaka hamsini mwenye mvi za vumbi la mbao, alikuwa akiniachia kiti nikiingia kibandani kwake, na mafundi wenzake wakimcheka anasema, "Nyamazeni, mamangu amefika."

"Mamangu," alisema, "wewe unajua kalamu. Andika hapa: mimi mjane wa marehemu nimekubali shamba la chini lichimbwe. Halafu shem ataweka kidole."

Niliandika. Nilichukua muda wa chai nyingine kuchemka. Nilipomaliza mama aliichukua ile karatasi akaitazama kama anayetazama kitambaa dukani, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

Hakukataa. Nadhani alishindwa kukataa. Baba mdogo ndiye aliyenilipia sare na vitabu baba alipokufa, na alikuwa akikohoa kohozi la vumbi la msasa kila asubuhi. Alitaka kupumzika, na mama alilijua hilo.

"Kidole kiko hapa, hakiendi popote," alisema. "Lakini huyu mtoto aende kwanza asome vitabu vya serikali. Kama kitabu kinasema chini ni kwako, nitaweka vidole vyote kumi."

Baba mdogo alifurahi sana. "Vidole kumi! Mamangu ni shahidi!"

Tulikwenda mwezi wa Agosti, mimi na yeye, tukafikia kwenye boma la shamba la juu. Asubuhi yake tulikuwa wa kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya. Karani alikuwa mama mmoja aliyevaa sweta la mkono mrefu na penseli ndani ya nywele. Alitupa fomu ya kuomba kuangalia rejista. Kulikuwa na mahali pa kuandika namba ya shamba. Baba mdogo akaitamka kwa sauti, kama anayejibu swali analolijua: "Mbili saba moja sita."

Nilipokuwa nikiijaza nilijiuliza kama namba ya kibati ndiyo namba ya shamba. Hakuna aliyewahi kutuambia hivyo. Nilitaka kusema, lakini nyuma yetu palikuwa na foleni, na mimi mbele ya foleni huwa nameza mate tu.

Karani alirudi na kadi.

"Nyinyi ndio kaunti kaunsil?"

"Sisi ni watoto wa mzee," alisema baba mdogo.

"Hii 2716 ni josho la ng'ombe. Ni la kaunti kaunsil tangu liandikishwe."

Nilimwona baba mdogo akishika ukingo wa dirisha. Tulitoka nje. Alininunulia njugu, yeye hakula. "Wamechukua," alisema. "Wameogesha ng'ombe kwa dhahabu ya baba yangu, miaka yote." Jioni ile alitembea peke yake mpaka kwenye josho lile, ambalo liko lokesheni nyingine kabisa, mahali ambapo babu hajawahi kumiliki hata jiwe. Alisimama kwenye ua. Mtunza josho akamuuliza ng'ombe wake wako wapi. Aliporudi alinisimulia yote haya akiwa na hasira, lakini alipofika kwa lile swali la ng'ombe sauti ilipungua. Nadhani alianza kuyasikia maneno yake mwenyewe.

Usiku sikulala vizuri, nikipanga maneno ya kumwambia karani. Asubuhi tulirudi dirishani, na maneno yote yakanitoka kichwani. Baba mdogo akaanza kumwambia karani kuhusu wakili. Basi nikafanya jambo ambalo ni rahisi kwangu kuliko kusema. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, nikatoa kibati, nikakiweka mbele ya karani.

Alikitazama. Akatoa penseli kwenye nywele akagusa matundu ya misumari. Kisha akaita nyuma, "Mzee wa ramani! Kuja uone."

Mzee wa ramani alikuja akiburuta ndara. Alicheka mara moja, si kwa dharau. "Yalla! Hii sijaona tangu nikiwa kijana. Hii si ya shamba, ndugu yangu. Hii ni ya kigingi. Wazungu wa dhahabu walikuwa wanapiga kigingi kila kona ya mahali wameomba kuchimba, halafu wanapigilia namba."

"Kwa hivyo ni ya dhahabu," alisema baba mdogo.

"Ni ya dhahabu. Lakini ya nani, hapo sijui."

Alituuliza kwetu ni wapi. Baba mdogo akataja shule, kijito, na kona ya barabara, na mzee akatandaza ramani akateremsha kidole mpaka kikasimama kwenye mistari miwili iliyokaribiana. Akampa karani namba, tukajaza fomu nyingine, kadi ikaja. Lilikuwa shamba letu, la juu na la chini pamoja, na jina lililoandikwa lilikuwa la babu.

"Mzee wenu yuko?" aliuliza karani.

"Alikufa zamani."

"Kwa kitabu hiki bado anaishi. Hamjaenda kortini kugawanya. Hapa hakuna la juu wala la chini, kuna la mzee tu."

Baba mdogo aliinamia dirisha. Akauliza lile lililotuleta. "Na huko ndani, kwa mawe? Kitabu kinasema ni ya nani?"

"Kitabu hakisemi, kwa sababu haiandikwi hapa. Madini ni ya serikali, baba. Mwenye shamba ana udongo, ana mvua, na ana kelele za majirani. Anayetaka kuchimba dhahabu anaomba leseni kwa watu wa madini, na mwenye shamba anaongea na yeye juu ya mazao yake. Huwezi kurithi."

"Hata kama mzee alinipa kibati?"

Karani hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema, "Sijui kwa nini alikupa. Nenda chumba cha kumbukumbu, jengo la nyuma. Vitabu vya vigingi vya zamani viko huko. Hawaruhusu fotokopi, karatasi zimechoka. Huyu msichana anajua kunakili?"

"Anajua," alisema baba mdogo. "Ni pole pole, lakini anajua."

Kitabu kilikuwa kikubwa kama meza ya kukunja, kinanuka panya na mafuta ya taa. Mtunza chumba, kijana aliyevaa tai, alikifungua mbele yangu akatuambia tusilambe vidole. Kilikuwa kwa Kizungu, mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Mistari ilikwenda kwa safu: namba, tarehe, mwenye kuomba, mahali, na safu pana ya maelezo mwishoni. Tuliona 2716. Nikaanza kunakili.

Baba mdogo alisoma juu ya bega langu. Safu ya mwenye kuomba ilikuwa na jina la mzungu. Alilisoma kwa sauti, silabi moja moja, kisha akakaa kwenye benchi.

"Basi," alisema. "Si ya mzee. Ilikuwa ya mzungu. Twende, mamangu."

"Bado sijamaliza mstari."

"Wacha tu. Tushaona."

Sijui kwa nini sikuacha. Labda ni kwa sababu ya ule ubao uliofutwa kila siku kabla sijamaliza. Hapa hakuna aliyekuwa na dasta. "Bado," nilisema, na kwa sababu nina jina la mama yake, alikaa.

Nilinakili safu ya mahali, kisha ile ya maelezo, herufi kwa herufi, mengine bila kuelewa. Neno la mihogo nililijua kutoka kitabu cha shule. Kisha mkono wangu ukaandika jina la babu. Niliandika lote kabla sijatambua ninaandika nini. Nikaweka kidole hapo, nikamwita yule kijana wa tai.

Akasoma kwanza kimya, kisha kwa Kiswahili: "Mwenyeji wa shamba hili amekuja tena kulalamika kwamba mihogo yake imechimbwa. Vigingi vimeng'olewa mara mbili. Inaaminika ni yeye. Ameonywa."

"Rudia," alisema baba mdogo.

Akarudia. Baba mdogo akaomba mara ya tatu, na yule kijana, ambaye angeweza kutufukuza, akasoma mara ya tatu polepole zaidi.

Baba mdogo alitoa kibati akakigeuza. Moja ya matundu yale ya misumari lilikuwa limepasuka mpaka ukingoni, mahali bati lilipong'olewa kwa nguvu. Nilikuwa nimeliona pasuko lile tangu utotoni nikadhani ni uzee tu. Akalipitishia kidole gumba.

"Mara mbili wameandika," alisema. "Hii ni ya tatu. Hii hawakumshika." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Kijana wa tai akafunga kitabu bila haraka.

Tulirudi Nairobi. Mama alikuwa amechota unga wa kesho tayari na mikono yake ilikuwa myeupe. Ile karatasi ya kidole ilikuwa bado chini ya kopo la sukari. Niliketi nikamsomea yote: josho, kadi yenye jina la babu, maneno ya karani juu ya serikali, na mwisho mstari niliounakili. Nilisoma taratibu kama ninavyoandika.

"Mihogo," alisema. "Mzee alipenda mihogo, huyo."

"Shem," alisema baba mdogo, "mimi nimepigilia hii kitu kwa ukuta kama cheti cha ndoa. Kumbe mzee alikuwa anawafukuza."

"Hukujua."

"Angeniambia."

"Alikuambia usipoteze. Hukupoteza." Mama alichukua karatasi chini ya kopo, akaikunja mara mbili, na asubuhi iliyofuata ilikwenda Olympic imebeba mandazi mawili ya mtoto wa shule.

Baba mdogo aliwatumia wachimbaji ujumbe kwamba hapana. Nisiseme kwamba alifurahi. Kwa wiki nyingi viti vilitoka kibandani kwake bila namba. Nilipomtembelea aliniachia kiti kama kawaida lakini hakupiga kelele kwamba mamangu amefika. Kwa miaka mingi alikuwa amekohoa lile vumbi akijua kuna siku litakwisha, na sasa siku hiyo ilikuwa imeondoka. Mama aliliona. Mavuno yalipokuja, gunia moja lilikwenda Kawangware kwa mkokoteni, na halikuwa na maelezo. Shughuli ya korti tuliianza, na bado tunaendelea nayo.

Siku moja mteja alipindua kiti mwenyewe akauliza, "Fundi, namba yangu iko wapi? Ya jirani iko nayo." Baba mdogo alimtazama, akaenda akatafuta msumari. Tangu hapo amerudia kuchora. Nilipomuuliza alisema wateja wamezoea.

Desemba tulikwenda nyumbani wote watatu. Mama alitupeleka shamba la chini kuonyesha mahindi yalivyokuwa yamesimama. Karibu na kijito kuna mahali palipobonyea, maji hayakauki, na mama amepanda nduma hapo tangu alipoolewa. Baba mdogo alisimama ukingoni. Alipiga hatua kumi upande huu, kumi upande ule, akatazama kilima.

"Ni hapa," alisema. "Hii ni shimo ya wale wazungu."

"Hiyo ni nduma yangu, unaikanyaga."

Akatoka. Mama akamtazama alivyosimama mikono mitupu, akamsukumia jembe. "Chimba basi, shem. Si ulitaka kuchimba?"

Alivua viatu akaingia kwenye tope. Alichimba vizuri, kwa uangalifu wa fundi, bila kukata hata moja. Aliponirushia mimi nilizipanga kwenye kikapu. Ya mwisho alikwenda nayo kijitoni mwenyewe kuiosha, na nikaona ameshika tope kiganjani, analiyeyusha kwa maji kidogo kidogo, akiliinamisha kuelekea jua.

Mama naye alimwona.

"Shem, osha nduma."

Akaosha.